Kabla Hujamtafuta Babu Kwenye Mafaili ya Keya na Polisi

Wengi hukimbilia Nairobi, Hifadhi ya Nyaraka pale Moi Avenue, wakiwa na jina moja la babu na habari kwamba alipigana vita vya Hitla akiwa Keya, yaani King's African Rifles, jeshi la Waafrika chini ya Mwingereza. Kwa hayo mawili utarudi mikono mitupu. Kazi kubwa iko nyumbani, na ifanywe wazee wangali hai.

Waulize alikwenda wapi, wala usianze na mwaka. Mzee aliyesahau tarehe hasahau nchi. Akitaja Habeshi, uko 1940 au 1941. Madagaska ni 1942. Akisimulia Bama (Burma, sasa Myanmar) na matope ya Bonde la Kabaw, hiyo ni 1944. Rika alilotahiriwa nalo litakupa umri. Kisha omba kufunguliwa sanduku: kipande (kitambulisho cha enzi ya ukoloni), cheti cha kuachishwa jeshi, karatasi yoyote yenye namba. Namba ni muhimu kuliko jina, maana karani aliandika alivyosikia. Chege akawa Shege, na jina la baba likafuata baada ya herufi s/o, yaani "son of", mwana wa. Nenda na tahajia zote unazoweza kufikiria.

Orodha ya mtandaoni ya Tume ya Makaburi ya Vita ya Jumuiya ya Madola ina waliokufa tu. Babu aliyerudi akamzaa mama yako hayumo, usijisumbue. Hata waliokufa hawamo wote: mwaka 2021 tume yenyewe ilikiri kwamba Waafrika wengi waliokufa katika vita vya 1914–1918, hasa wapagazi, hawakuandikwa majina.

Upande wa polisi, jua kwanza alikuwa polisi wa nani. Kulikuwa na Polisi wa Kenya, na kulikuwa na polisi wa kikabila waliokuwa chini ya DC, mkuu wa wilaya, ambao baadaye waligeuzwa kuwa Polisi wa Utawala. Kama babu alikuwa akitumwa na chifu kukusanya kodi, achana na mafaili ya makao makuu. Soma ripoti za mwaka za wilaya na zile ma-DC walizoachiana wakikabidhiana ofisi. Huwa ndefu na zenye majivuno, lakini ugomvi wa kijiji umo humo.

Ikiwa msako wako unaingia miaka ya Hali ya Hatari, wakati wa vita vya Mau Mau, 1952 hadi 1960, jua kwamba mafaili mengine yalichomwa na mengine yakasafirishwa Uingereza. Serikali ya huko ilikiri mwaka 2011 kwamba ilikuwa imeyaficha Hanslope Park, kwenye ghala lake huko Uingereza. Sasa yako Kew, London, kwenye Hifadhi ya Nyaraka ya Uingereza, katika mfululizo wa FCO 141.

Na hapa ndipo pagumu: huenda ukamkuta babu kwenye orodha ya homgadi, wale walinzi waliokuwa upande wa serikali ya kikoloni, au jina lake chini ya taarifa iliyompeleka jirani kizuizini. Kaa na wajomba na shangazi kabla hujafungua faili, mkubaliane nani ataambiwa kwanza, na kwamba hakuna ukurasa utakaorushwa kwenye kundi la WhatsApp la ukoo kabla wao hawajauona. Watoto wa yule jirani bado mnapakana nao shamba.