SOMO: Kuokoa picha na kanda za mechi za zamani (soma yote kabla hujauliza)

Wakuu, salaam.

Haipiti wiki bila mtu kuniandikia pembeni: "Nimeachiwa albamu na marehemu baba, imejaa picha za timu, nianzie wapi?" Namjibu vizuri, kwa kirefu. Siku tatu baadaye anakuja mwingine na swali lile lile. Vidole vimechoka. Nayaweka hapa mara moja, na atakayeniuliza tena nitamtumia uzi huu bila salamu.

Mimi si mtu wa makumbusho. Ni shabiki aliyeharibu picha za kutosha kujua zinaharibikaje.

Hatua ya 1. Nawa mikono, ikauke. Futa meza. Kinywaji kikae chumba kingine.

Hatua ya 2. Kabla hujachomoa chochote, piga kila ukurasa wa albamu kwa simu, vile ulivyo. Mpangilio nao ni ushahidi: picha tatu zilizobandikwa jirani mara nyingi ni za siku moja.

Hatua ya 3. Kuchomoa. Hapa tulia, maana hapa ndipo nilipofanya madudu.

Zile albamu zenye kurasa za gundi na nailoni juu yake ni adui. Gundi inakuwa ngumu kadiri miaka inavyokwenda. Usivute picha kwa kona. Chukua uzi wa kusafishia meno, upitishe chini ya picha, usogeze kushoto kulia kama msumeno, taratibu. Ikigoma, iache, skani ukurasa mzima.

Kubwa zaidi ni picha iliyogandana na kioo cha fremu. Mjomba alinikabidhi picha ya kikosi, nyeusi na nyeupe, waliosimama nyuma na waliochuchumaa mbele, imekaa ukutani tangu sijazaliwa. Upande mmoja kulikuwa na doa linalong'aa kama limelowa. Nikasema ni unyevu tu, nikaivuta. Ikatoa mlio mdogo, kama plasta inayobanduliwa kwenye ngozi yenye nywele. Kichwa cha beki wa kushoto kikabaki kwenye kioo. Kwenye picha akabaki mtu aliyekunja mikono kifuani, nembo ya jezi safi kabisa, na juu ya kola karatasi nyeupe. Mjomba hakunigombeza. Aliitazama, akasema, "Basi na hapa katolewa." Beki huyo enzi zake alikuwa hamalizi mechi.

Sababu niliijua baadaye. Uso wa picha una tabaka la jelatini. Jelatini hunywa unyevu, ikavimba na kulainika, na ikikauka huku imeegemea kioo, inakishika kioo kuliko inavyoishika karatasi yake. Kwa hiyo:

– Ukiona doa linalong'aa, acha hapo hapo. Usijaribu "kidogo tu".
– Usiipashe moto, usipulizie dawa ya vioo, usipitishe wembe.
– Ipige ikiwa ndani ya kioo. Futa kioo kwa nje, zima taa ya juu, weka taa mbili za pembeni, kila moja imeinama nyuzi 45, na uifunike simu kwa kitambaa cheusi uache tundu la lenzi ili isijione kwenye kioo.
– Skana zile nyembamba zinazokula umeme wa kompyuta usizitegemee kwa kazi hii. Hazioni mbali, picha ikiinuka milimita mbili tu inatoka na ukungu.

Hatua ya 4. Kuskani. Picha ya karatasi, nukta 600 kwa inchi. Ndogo ya saizi ya pasipoti, 1200. Negativu (ile filamu yenyewe iliyotoka kwenye kamera) ya milimita 35, kuanzia 2400, kwa sababu fremu yake ni milimita 24 kwa 36 tu. Faili la aina ya TIFF ni la kutunza, la JPEG ni la kutumiana. Zima marekebisho yote ya otomatiki. Na skani MGONGO wa picha. Narudia: mgongo.

Hatua ya 5. Jina la faili lianze na mwaka, mwezi, siku. Usichokijua weka sifuri: 1983-00-00.

Hatua ya 6. Kutafuta ni mechi gani. Huu ndio utamu wenyewe. Watu wanakurupuka: "Hii ni ile fainali!" Kila picha yenye jua na umati inakuwa fainali. Mimi naanza na swali moja, hii picha haiwezi kuwa kabla ya lini?

Tazama mpira. Ule wa vipande 32, vyeusi na vyeupe, ulisambaa duniani baada ya Kombe la Dunia la Mexico 1970. Wenye michoro ya pembetatu zilizopinda, Tango, ulikuja na Argentina 1978. Ila mpira hukuambia "si kabla ya", haukuambii "si baada ya". Timu isiyo na hela inaupiga hadi unatoka utumbo.

Tazama refa. Akiwa ameinua kadi, hatuko kabla ya 1970, kadi zilianza kwenye Kombe la Dunia mwaka huo. Akiwa na jezi ya rangi, fikiria miaka ya 90. Kombe la Dunia 1994 liliwavua marefa nguo nyeusi. Ukiona mstari wa povu jeupe mbele ya ukuta wa mabeki, hiyo ni ya juzi tu, povu liliingia Kombe la Dunia 2014.

Kwenye video kuna kipimo kitamu zaidi: beki anamrudishia golikipa kwa mguu, golikipa anadaka, na hakuna anayelalamika. Hiyo ni kabla ya 1992, ilipopitishwa sheria ya kukataza.

Ukishabana miaka, ndipo uende kwenye matokeo. Tovuti ya RSSSF, iliyoanzishwa 1994 na wapenzi wa takwimu, ina matokeo ya ligi na vikombe vya nchi nyingi. Kisha maktaba, gazeti la siku iliyofuata mechi.

Onyo kuhusu rangi. Picha nyingi za miaka ya 70 zimekuwa nyekundu, kwa kuwa rangi ya samawati ndani yake hufifia mapema. Humu tulishagombana wiki nzima kuhusu "jezi ya zambarau" ambayo klabu haijawahi kuivaa. Ilikuwa bluu. Tazama nyasi: zikiwa za kahawia, na jezi usiiamini.

Hatua ya 7. Kanda za video. Chungulia kwenye kidirisha cha kanda. Ukiona vumbi jeupe kama unga limekaa juu ya mkanda, ni kuvu. USIITIE kwenye deki, itachafua kichwa cha deki na kanda zote zitakazofuata. Ikiwa safi, vunja kile kiplastiki cha mgongoni ili isirekodiwe juu kwa bahati mbaya, ipeleke mbele hadi mwisho, irudishe, ndipo uicheze. Rekodi kwenye kompyuta mara ya kwanza inapocheza. Huenda mara ya pili isiwepo.

Hatua ya 8. Nakala tatu, moja ikae nyumba nyingine.

Maswali karibuni.

---

Winga Teleza: Mkuu somo zuri ila refu. Kwa kifupi naskani nukta ngapi?

Mwandishi: Hatua ya 4.

Winga Teleza: Sijaiona.

Mwandishi: Iko kati ya ya 3 na ya 5.

Dada wa Jukwaa la Juu: Nimechelewa kusoma. Jana nimeivuta ya babu kutoka kwenye kioo, imebanduka. Uso wa golikipa na nusu ya mtambaa panya vimebaki kwenye kioo. Nimelia.

Mwandishi: Pole sana dada. Usikitupe kioo! Wala usikikwangue. Kilichobaki pale ni picha yenyewe, imehama tu. Geuza kioo uitazame kwa ule upande wa mbele, utamwona golikipa kama kawaida. Weka karatasi nyeupe nyuma yake bila kuikandamiza, ipige, halafu skani na karatasi iliyobanduka. Vipande viwili unaviunganisha kwenye kompyuta. Beki wangu alirudishiwa kichwa hivyo, ukimtazama haraka hujui. Vitu halisi vifunge vyote, kila kimoja peke yake, visigusane.

Dada wa Jukwaa la Juu: Nimemwona! Hata kofia yake ipo. Asante kaka.

Mzee wa Kona: Vijana, niongezee moja. Msiandike nyuma ya picha kwa kalamu ya wino. Nina picha ambayo jina la straika limetokea usoni mwake kama tatuu. Penseli laini, tena mkono mwepesi.

Mwandishi: Shikamoo mzee. Hili nimelisahau, na ni la muhimu kuliko hatua zangu mbili tatu.

Fundi Teknolojia: Haya yote ya nini? Siku hizi kuna programu za akili mnemba. Unaweka picha, inasafisha, inatia rangi, sekunde tano. Tazama nilivyomfanya kapteni wetu wa zamani.

Mwandishi: Nimetazama. Kapteni alikuwa na pengo, kila aliyekaa jukwaani analijua. Wewe umempa meno yote. Na nembo kifuani imegeuka kitu kama kabichi.

Fundi Teknolojia: Ni vitu vidogo mkuu, watu wameipenda.

Mwandishi: Programu haijasafisha uso, imebuni uso. Cheza nayo upendavyo, lakini andika wazi kwamba imetengenezwa, na usiiweke folda moja na skani ya asili. Miaka kumi ijayo mtu ataapa hakuwa na pengo.

Fundi Teknolojia: Sawa, usinipige kadi.

Namba Sita: Nina negativu nilizoskani wiki jana. Kitu kinanisumbua: winga wetu wa kulia kwenye picha zote yuko upande wa kushoto na anapiga kwa mguu wa kushoto. Hakuwahi kutumia mguu ule, hata wa kupandia basi. Inawezekana kocha alimhamisha?

Mwandishi: Swali zuri kuliko yote humu. Huenda kocha hana kosa, umeskani negativu kinyume. Filamu ina upande unaong'aa na upande uliofifia. Ukizigeuza, uwanja wote unageuka. Hakiki kwa vitu visivyodanganya: namba za jezi, maandishi ya mabango, nembo (kwa kawaida hukaa kifua cha kushoto cha mchezaji). Ujihadhari na namba 8 na 11, kwenye fonti nyingi zikigeuzwa hazikuambii kitu. Tafuta 4 au 7.

Namba Sita: Nimepata 7. Imegeuka. Nimeigeuza, winga karudi kwake kulia. Nilishaanza kuandika makala kuhusu mbinu za kocha 😂

Kibendera: Deki yangu inatoa picha nyeusi na nyeupe, inapandapanda. Kanda nilitumiwa na rafiki aliye Marekani. Nimtupie lawama?

Mwandishi: Usimlaumu, na kanda haijafa. Itakuwa ya NTSC, mfumo wa video wa Marekani, mistari 525 na karibu picha 30 kwa sekunde. Deki yako bila shaka ni ya mfumo mwingine, PAL, mistari 625 na picha 25. Tafuta deki ya mifumo yote, rangi zitarudi. Usikae unaijaribu kwenye deki hiyo hiyo, kila mzunguko unakula mkanda.

Winga Teleza: Kwani lazima nivunje kile kiplastiki? Nikitaka kurekodia tena je?

Mwandishi: Kurekodia nini, juu ya nusu fainali?

Shabiki wa Mvua: Mimi sina picha, nina vipande vya magazeti tu, misimamo ya ligi bila tarehe. Vinafaa?

Mwandishi: Vinafaa mno. Fanya hesabu: timu imeshinda 10, imetoka sare 4. Ikiwa na pointi 24, ushindi ulikuwa pointi mbili. Ikiwa na 34, ni tatu. Uingereza ilihamia tatu mwaka 1981, Kombe la Dunia mwaka 1994. Angalia ligi ya nchi husika ilihama lini, utakuwa umeshapunguza miaka mingi kwa kujumlisha tu. Na usikate pambizo! Tangazo la jirani huwa na tarehe.

Shabiki wa Mvua: Dah. Nilikuwa nimeshakata sita. Nimesimama.

Mzee wa Kona: Na mkikaa na sisi wazee, msituulize "huyu nani?" Tunaona aibu kusema hatujui, tunataja jina lolote. Tuulizeni siku hiyo mlikuja na nani, mvua ilinyesha, mlirudi vipi. Majina yanakuja yenyewe katikati ya maneno.

Mwandishi: Mzee, hiyo naihamishia juu kwenye somo.

Golikipa wa Akiba: Mkuu, naomba nisaidie. Picha ya rangi, wachezaji wetu watano wamekumbatiana karibu na kibendera cha kona, mpira wa Tango uko chini, refa kwa mbali kavaa nyeusi. Baba alikuwa ameitunza pamoja na kitambulisho chake. Nina uhakika ni sherehe ya bao la ubingwa.

Mwandishi: Mpira unasema si kabla ya 1978. Nguo nyeusi ya refa inasema pengine si baada ya katikati ya miaka ya 90, ingawa hilo silishikilii sana. Hapo ni miaka kumi na tano hivi. Nyuso zao zikoje? Wanacheka?

Golikipa wa Akiba: Hazionekani, wameinamisha vichwa.

Mwandishi: Nyuma ya picha kumeandikwa nini?

Golikipa wa Akiba: Sijaangalia.

Mwandishi: Hatua ya 4. Herufi kubwa.

Golikipa wa Akiba: Samahani. Kuna penseli, imefifia. Mwandiko wa baba. "4–0. Niliondoka dakika ya 70, nikarudi."