SOMO: Kuongeza vikombe na bidhaa za picha kwenye studio yako ndogo (soma lote ndipo uulize)

Habari za jioni wadau. Naandika hili somo mara moja ili nisirudie tena. Kila wiki inboksi yangu inajaa swali lilelile: "Mkuu, ile mashine ya vikombe inauzwa wapi?" Mashine ni jambo la mwisho. Kwanza jiulize ni picha ipi uliyokwisha kuipiga ambayo mwenyewe atataka kuishika kila asubuhi.

Mimi nina fremu moja Temeke. Napiga pasipoti, kipaimara, sendofu, mahafali. Miaka ya karibuni wateja walikuwa wanachukua picha kwenye simu basi, kusafisha hawataki tena. Picha niliyoihangaikia kutwa inakaa stetasi saa 24, imekwisha. Nikajaribu kikombe kimoja, cha mtoto wa kipaimara. Mama yake nilimpa na mfuko, lakini kikombe hakukitia mfukoni. Alikibeba mkononi, sura ya mwanawe ikitazama nje, mpaka kituo cha daladala. Nilimsindikiza kwa macho nikajua hii kazi ni ya studio, wala si ya watu wa stesheneri peke yao.

Hatua ya 1. Anza na kikombe. Kimoja, cheupe, cha ukubwa wa kawaida. Mito, kalenda, saa za ukutani zitafuata.

Hatua ya 2: Printa. Chukua Epson ya matangi ikiwa mpya kabisa, tia wino wa sablimesheni tangu siku ya kwanza, yaani wino unaochapwa kwenye karatasi yake maalumu, kisha joto la mashine ya vikombe linauhamishia kwenye kikombe. Wino wa kawaida usiingie hata tone. Ukiuchanganya, rangi zitachafuka na utahangaika kusafisha mabomba.

Hatua ya 3: Vikombe. Ni lazima kiwe na tabaka la poliesta juu yake. Kikombe cha kunywea chai kilichoko jikoni kwako hakishiki. Unaponunua Kariakoo, kitoe dukani ukitazame kwenye mwanga wa jua. Wino huu hauna rangi nyeupe. Weupe wote wa picha ni weupe wa kikombe. Kikombe chenye umanjano kitampa bibi harusi gauni la manjano, na lawama utabeba wewe.

Hatua ya 4: Faili. Hapa wapigapicha tunawashinda wengine, tusipoteze bahati hii. Eneo la kuchapa ni kama sentimita 20 kwa 9. Kwa nukta 300 kwa inchi unahitaji pikseli kama 2,360 kwa 1,060. Kamera yako inatoa zaidi ya hapo, kwa hiyo chukua faili halisi, usichukue ile uliyomtumia mteja WhatsApp ikabanwa. Mteja akileta picha yake mwenyewe, mwambie aitume kama dokumenti. Ongeza mwanga kidogo kwenye nyuso, maana ngozi zetu zikichapwa giza zinapoteza uhai, macho yanazama.

Halafu panga upande. Mtu anayeshika kikombe kwa mkono wa kulia anaona ncha ya kulia ya mchoro wako. Aliyekaa mbele yake anaona ncha ya kushoto. Mimi sura naiweka kulia, amtazame anayekunywa. Jina na tarehe naviweka kushoto, wasome wageni. Sura usiipeleke mwisho kabisa karibu na mshikio, maana joto halifiki vizuri kule.

Hatua ya 5. Geuza picha kama kwenye kioo kabla ya kuchapa.

Hatua ya 6: UNYEVU. Soma polepole.

Hii hatua iliniumiza. Ilikuwa Aprili, masika yamekolea, nina oda ya vikombe 50 vya sendofu ya binti mmoja wa Kimara. Vikombe vya kwanza vilitoka salama. Baada ya hapo nikaanza kuona mabaka: shavu la binti lina doa lililopauka kama limepakwa unga, ukingo wa mtandio umefifia kama picha iliyotikisika. Nikasema wino mbovu, nikatikisa, nikasafisha printa. Bado. Nikapandisha joto mpaka nyuzi 200. Mabaka yakabaki na nywele nyeusi zikageuka kahawia. Vikombe 17 vikaharibika usiku ule, na sendofu ni Jumamosi.

Saa nane za usiku ndipo nilipoishika karatasi kwa makini. Bunda la karatasi za sablimesheni nilikuwa nimeliacha wazi kwenye rafu chini ya dirisha, mvua inanyesha siku ya tatu. Karatasi ilikuwa imelegea, kama kanga iliyoanuliwa kabla haijakauka. Nikafungua bunda jipya, nikachapa kikombe kimoja: safi, kope zinahesabika. Vikombe 17 nilinunua upya kwa pesa yangu, na sikumpunguzia binti hata kimoja.

Sababu yake ni hii. Karatasi inavuta maji ya hewani, na sisi tuko pwani. Ukiibana kwenye joto, yale maji yanakuwa mvuke. Mvuke unaisukuma karatasi isigusane na kikombe, na unaitawanya rangi isikae mahali pake. Kwa hiyo:

Bunda lifungwe ndani ya mfuko wa plastiki usiopitisha hewa. Toa karatasi za kazi ya leo tu. Masika, kabla ya kuchapa, pitisha pasi kavu isiyo na mvuke kwenye karatasi TUPU, ikiwa katikati ya karatasi mbili za kawaida, sekunde chache. Nasema karatasi tupu. Ukishachapa usiipige pasi, maana rangi itaanza kuondoka. Iliyochapwa iache mezani dakika kadhaa ikauke, kwa kuwa wino wenyewe una maji. Kikombe kifute kwa spiriti na kitambaa kisichoacha nyuzi, kikauke kabisa. Na usipokee oda ya wingi masika kabla hujatoa kikombe kimoja cha majaribio siku hiyohiyo. Cha jana hakikuhakikishii cha leo.

Hatua ya 7: Kubana. Funga karatasi kwa selotepu ya joto, ikaze isicheze. Anzia nyuzi 180 kwa sekunde 180, kisha rekebisha kwa mashine yako. Rangi zimepauka, ongeza sekunde. Nyeusi imekuwa kahawia, punguza. Namba ya kwenye kioo cha mashine za bei nafuu mara nyingi si joto lenyewe, kwa hiyo andika zako kwenye daftari. Ukitoa, bandua karatasi mara moja kwa mwendo mmoja bila kuiburuta, ukiwa na glovu. Kikombe kiache kwenye ubao kipoe chenyewe. Kuna wanaotumbukiza kwenye maji baridi. Mimi siwashauri, kinaweza kupasuka mkononi.

Hatua ya 8: Bei. Jumlisha kikombe, karatasi, wino, boksi, umeme, muda wako, na kikombe kimoja cha kuharibika katika kila kumi. Umeme ni kidogo, mashine yangu ya vikombe ni wati 350, hata nusu uniti ya Luku kwa saa haifiki. Muda ndio ghali. Chukua advansi isiyopungua gharama ya vifaa. Kikombe chenye sura ya mtu hakina mnunuzi mwingine.

Karibuni kwa maswali.

Mdau, Mbagala: Mkuu mashine bei gani?

Jibu: Bei ya Kariakoo inabadilika, nikiandika leo kesho nitaitwa mwongo. Ingia maduka matatu uulize. Umesoma hatua ya 6?

Mdau, Tabata: Nina printa ya HP nyumbani, haifai?

Jibu: Haifai. Printa nyingi za HP na Canon zinarusha wino kwa kuupasha joto, na huu ni wino unaofanya kazi kwa joto. Epson inausukuma kwa kijiwe kinachotikiswa na umeme, haiupashi. Ndiyo maana nimeandika Epson.

Mdau, Sinza: Kaka somo zuri, lakini unawapotezea watu muda. Siku hizi ni DTF tu, ile ya kuchapa kwenye filamu kisha kubana kwa joto, inashika kila kitu.

Jibu: Ndugu, sijasema DTF ni mbaya. Tisheti za pamba nafanyia DTF mwenyewe, kwa sababu sablimesheni inataka poliesta nyeupe au ya rangi nyepesi. Ila somo linahusu mtu mwenye fremu moja anayeanza. Mashine ya DTF ina wino mweupe unaoganda ukiiacha siku kadhaa bila kazi. Una oda za kila siku, nunua. Huna, kachapishe filamu kwa mita Kariakoo, uje ubane mwenyewe. Naongea hivi kwa sababu nimeona vijana wakiuza kamera ili wanunue mashine, halafu hawana picha ya kuchapa.

Mdau, Kigamboni: Shikamoo kaka. Mimi ni mwanafunzi, nimeshangaa kuona picha kwenye karatasi imepauka sana halafu kwenye kikombe inang'aa. Rangi inatoka wapi?

Jibu: Marahaba mdogo wangu, swali zuri sana hili. Unaijua naftalini tunayoweka kwenye kabati la nguo? Inaisha pole pole bila kuyeyuka, inatoka kuwa jiwe na kuwa hewa moja kwa moja. Rangi hizi ziko hivyohivyo. Zikiwa kwenye karatasi ni chembe ngumu, zimelala. Kwenye joto la nyuzi 180 hivi zinakuwa hewa, na wakati huohuo tabaka la poliesta linalegea na kuziingiza ndani. Kikipoa, linajifunga nazo. Ndiyo maana ukipitisha kidole huhisi mchoro, na ukucha hauukwangui. Kwa hiyo usimwonyeshe mteja karatasi; ataghairi. Mwonyeshe kikombe. Ukipata nafasi njoo Temeke nikuonyeshe kwa macho.

Mdau, Kigamboni: Asante sana kaka. Na kama ni hivyo, zinaweza kutoka tena zikipata joto?

Jibu: Umefikiri vizuri. Ndiyo, joto kama la mashine likirudi zinaweza kuhama na picha ikatanda. Chai ya moto haifiki hata nyuzi 100, kwa hiyo mteja asiogope. Kinachoharibu ni kusugua kwa stili waya, na jua la dirishani kwa miezi.

Mdau, Ubungo: Bosi, nikichapa nembo za Simba na Yanga si nitauza haraka? Derby inakaribia.

Jibu: Nembo ni mali ya klabu. Bila kibali chao usichape. Piga picha shabiki na familia yake na jezi zao halali, mwuzie picha yake.

Mdau, Mwenge: Habari kaka. Mimi nina studio na mume wangu. Nikiweka dirishani kikombe chenye picha ya bibi harusi kama sampuli, kuna ubaya?

Jibu: Nzuri dada. Omba ruhusa, na iwe ya maandishi. Tuna Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, ilianza kutumika Mei 2023, na picha inayomtambulisha mtu inaingia humo. Lakini hata bila sheria, yule ni binti wa watu. Mimi fomu ya oda ina mstari mmoja, "Naruhusu picha itumike kama sampuli", ndiyo au hapana, na sahihi. Watoto wa wateja siweki kabisa. Dirishani kwangu wamo wanangu na mama yangu.

Mdau, Mwenge: Nimeelewa, nitaongeza huo mstari. Na mimi nichangie: vikombe vya kupeleka kwa bodaboda sisi tunajaza gazeti lililofinyangwa NDANI ya kikombe pia, na mshikio tunauzungushia peke yake. Vilikuwa vinavunjika mshikio tu.

Jibu: Hii nimeichukua dada, asante. Mimi nilikuwa nafunga kwa nje tu.

Mdau, Gongo la Mboto: Karatasi mimi naweka kwenye ndoo ya plastiki yenye mfuniko na mchele chini. Vipi?

Jibu: Mfuniko ndio unaokusaidia zaidi. Mchele nao ukishavuta unyevu unaurudisha, kwa hiyo ubadilishe, na uufunge kwenye kitambaa vumbi lisiguse karatasi.

Mdau, Mbagala: Mkuu nimesoma yote sasa, samahani kwa lile swali la kwanza. Nimejaribu mto kwenye mashine ya rafiki yangu, kitambaa cheupe cha poliesta. Picha nzuri ila kuna vinukta vya bluu na vyekundu kwenye sehemu nyeupe. Wino unadondoka?

Jibu: Usijali ndugu yangu, na hongera kwa kujaribu. Si wino. Angalia vizuri, vinukta vina umbo la uzi mdogo? Ni manyoya ya nguo za rangi, joto limeyachapa kwenye kitambaa kama wino mwingine. Kabla ya kubana, zungushia selotepu pana mkononi, upande wa gundi uwe nje, upige piga kitambaa chote. Kisha kibane kitupu sekunde 5 kitoke unyevu, ukiangalie tena, ndipo uweke karatasi. Na meza ya kazi ilitandikwa nini?

Mdau, Mbagala: Kanga.

Jibu: Iondoe.