Kubadilisha thamostati ya AC ya hiti pampu: fuata herufi, achana na rangi za waya

Wadau, hasa nyie mnaosimamia nyumba za wageni na majumba ya huku Raskazone, Tanga, yenye AC ya dakti (mabomba ya kusambaza hewa), ile ya kifaa kimoja ukutani, yaani thamostati, kinaamrisha nyumba nzima, hii ni yenu. Kama AC yako ni spliti ya kawaida ya rimoti hapa hamna cha kubadilisha, ile ina mfumo wake wenyewe, usije ukaanza kukata waya bure.

Hiti pampu ni AC inayopoza na kupasha joto pia, na kinachogeuza kazi ni vavu moja kwenye mashine ya nje inayoelekeza gesi ipite upande mwingine. Huku Tanga joto la mashine nani analitaka, hata kusi ikivuma, lakini vavu ipo na waya wake upo na ndio unaosumbua watu wengi kuliko zote, ukiukosea unaseti nyuzi joto 24 mwezi wa pili kaskazi imeshika halafu dakti zinakutemea hewa ya moto.

Kwanza zima umeme, na sio kubonyeza ofu kwenye thamostati. Shusha breka zote mbili, ya mashine ya ndani na ya nje, mara nyingi kila moja ina yake. Thamostati hizi zinatumia volti 24 tu kutoka kwenye transfoma ndogo ndani ya mashine, ila hiyo transfoma yenyewe inakula 230 ya Tanesco. Ukifungua kava ukakuta nyaya nene kama za soketi, au alama za L na N kwa pamoja, ishia hapo hapo. Hiyo ni thamostati ya 230, mpya ya volti 24 haiendi pale kabisa, muite fundi umeme.

Ukikuta nyaya nyembamba nyembamba, piga picha na simu kabla hujagusa skrubu hata moja, picha isomeke herufi za pale kila waya ulipofungwa. Halafu kila waya uuvishe kipande cha tepu uandike herufi ya pale ulipotoka. Rangi usiziamini hata kidogo, fundi aliyefunga mwanzo alitumia waya aliokuwa nao, kwa hiyo wa bluu kwako unaweza kuwa kazi nyingine kabisa kwa jirani.

R ndio inaleta zile volti 24. C ndio njia ya kurudia, na thamostati nyingi za kuprogramu zinaihitaji ili kioo kiwake. Y inaita kompresa (pampu ya gesi kwenye mashine ya nje), G inaita feni ya ndani. W2 au AUX ni hita za umeme za kusaidia wakati wa baridi kali, na E ni hita ya dharura, huku kwetu mara nyingi unakuta hazina waya na wala usihangaike nazo. Kama thamostati mpya ina Rc na Rh na wewe una waya mmoja tu wa R, ziunge hizo mbili kwa kipande kifupi cha waya, nyingine zimeshaungwa kwa ndani, angalia karatasi yake.

Sasa O na B. Mashine nyingi zina waya wa O, vavu inapata umeme wakati wa kupoza. Chache, kama za Rheem na Ruud, ni B, inapata umeme wakati wa kupasha. Kwenye thamostati mpya zote zinaingia tundu moja la O/B. Lakini ukikuta ya zamani ina waya kwenye O na mwingine kwenye B, jamani usizisokote pamoja! Kuna mashine za zamani za Trane ambazo B ndio C. Ukiichomeka kwenye O/B unapiga shoti, fyuzi ya bodi (sakiti ya mashine ya ndani) inakatika, na kama bodi haina fyuzi inaondoka transfoma. Ufuate huo waya mpaka kwenye bodi ya mashine ya ndani uone kule umefungwa wapi, herufi ya bodi ndio ya kweli. (Fyuzi ikikatika mara nyingi ni ya bapa kama ya gari, amp 3 au 5, duka la spea za magari unaipata. Weka ya amp ile ile, usipandishe.)

Kingine ni chumvi. Nyumba za karibu na bahari ncha za shaba zinakuwa kijani, ukizifunga hivyo hivyo leo itawaka, kesho inakata. Kata ile sehemu iliyooza, menya upya kama milimita 8 mpaka uone shaba inang'aa, kaza skrubu, halafu vuta waya kidogo uone haichomoki. Lile tundu la ukutani lizibe na puti, maana hewa ya ndani ya ukuta ikipiga kwenye sensa itasoma uongo.

Pandisha breka, ingia kwenye seti za fundi za thamostati mpya, chagua hiti pampu, kompresa moja kama unayo moja, halafu O au B. Jaribu feni peke yake kwanza. Ikikubali weka kupoza na ushushe nyuzi chini ya joto la chumba, halafu usubiri, nyingi zinachelewesha kompresa kama dakika 5 kuilinda, kwa hiyo usibonyeze bonyeze. Ikija hewa ya moto usihamishe waya wowote, rudi kwenye seti ubadilishe O iwe B au B iwe O.

Kwenye ratiba mimi nashauri nyuzi 25 au 26 watu wakiwepo, ipande kidogo vyumba vikiwa vitupu, na uiache kwenye kupoza tu badala ya oto, isije ikaamua kupasha joto usiku wa mvua. Kama yako inatumia betri weka alkalaini mpya, umeme ukikatika saa na ratiba visipotee.