Kuzipa safu majina katika jedwali la Org: kanuni na mitego yake

Karani wa AMCOS (chama cha ushirika cha wakulima) anayepokea parachichi Rungwe anaweza kuandika hesabu zake zote katika faili la maandishi matupu, akazifungua kwa Emacs, programu ya kuhariri maandishi, na Org, sehemu ya Emacs inayoshughulikia majedwali kama haya, ikamkokotolea. Shida huanza fomula zinapokuwa nyingi. `$6=$5*0.97` (safu ya sita ni ya tano mara 0.97) inaeleweka siku ya kuandikwa. Baada ya miezi mitatu, `$5` ilikuwa nini? Kilo? Thamani? Ndiyo maana safu hupewa majina. Kanuni zake ni chache, lakini ukikosea moja Org mara nyingi hukaa kimya, na ukimya huo ndio unaopoteza watu muda.

Tuanze na jedwali lenyewe. Namba zake ni za mfano tu. Mstari wa `#+TBLFM` chini yake ndio unaobeba fomula; `@I..@II` ni visanduku vilivyo kati ya mstari mlalo wa kwanza na wa pili, na `%.0f` huondoa desimali.

```
|   | Kituo       |    Kilo |  Bei | Thamani |    Salio |
| ! |             |    Kilo |  Bei | Thamani |    Salio |
|---+-------------+---------+------+---------+----------|
| # | Tukuyu      |     420 | 1300 |  546000 |   529620 |
| # | Kiwira      |     310 | 1250 |  387500 |   375875 |
| # | Katumba     |     275 | 1300 |  357500 |   346775 |
|---+-------------+---------+------+---------+----------|
|   | Jumla       |    1005 |      |         |  1252270 |
| ^ |             | JumKilo |      |         | JumSalio |
| $ | ushuru=0.03 |         |      |         |          |
#+TBLFM: $5=$Kilo*$Bei::$6=$Thamani*(1-$ushuru);%.0f::$JumKilo=vsum(@I..@II)::$JumSalio=vsum(@I..@II);%.0f
```

Safu ya kwanza haina data. Ni ya alama peke yake, na hapo ndipo wengi hujikwaa: wanaweka `!` juu ya jedwali ambalo safu yake ya kwanza tayari ina majina ya vituo au ya wakulima. Kama jedwali lako liko hivyo, weka kishale kwenye safu ya kwanza ubonyeze M-S-kulia (Alt, Shift na mshale wa kulia). Safu tupu itaingia mbele, na Org yenyewe itasogeza namba za safu ndani ya fomula. Ukiongeza safu kwa mkono, kwa kuandika `|` mstari kwa mstari, namba hazisogezwi na hesabu zote zitaangukia safu ya jirani.

Mstari wenye `!` ndio unaobeba majina ya safu. Kichwa cha juu yake ni cha kusomwa na watu, na unaweza kuandika humo chochote: "Bei ya kilo (TSh)", "Mavuno %". Jina la mstari wa `!` lina masharti: lianze na herufi, kisha lifuatwe na herufi au tarakimu tu. Nafasi haikubaliki, kwa hiyo "Bei Kilo" iwe `BeiKilo`. Tarakimu haitangulii: `2024Mavuno` haifai, `Mavuno2024` inafaa. Kiswahili kina bahati ya kutokuwa na herufi zenye vialama, ila kibainishi cha ng' kinaponza. Anayehesabu mifugo Mbarali akiandika `Ng'ombe` hana jina, aandike `Ngombe`. Herufi kubwa na ndogo zinatofautishwa pia, kwa hiyo `$kilo` si `$Kilo`. Chagua mtindo mmoja uushike. Jina moja lisikae kwenye safu mbili.

Jina lisilofuata masharti halizui kelele yoyote pale unapoliandika. Org hulipita tu, kana kwamba kisanduku ni kitupu. Kosa huonekana baadaye, unapolitumia, na kisanduku cha jibu hujaa `#ERROR`. Kistari ni kibaya zaidi, maana huenda hata `#ERROR` usiione. Ukiandika `$Bei-Kilo` ukidhani ni jina moja, Org inasoma: chukua safu ya Bei, utoe kitu kiitwacho Kilo. Kwa kuwa Kilo hapo haina alama ya dola mbele, Calc, injini ya hesabu iliyomo ndani ya Emacs, huichukulia kama herufi za aljebra na kukurudishia kitu kama `1300 - Kilo`. Ukiona herufi ndani ya jibu lililopaswa kuwa namba, tafuta dola iliyosahaulika kabla ya kutafuta kosa lingine.

Herufi huingia pia kupitia data. "420 kg" ndani ya kisanduku si namba safi. Kizio kikae kwenye kichwa cha safu. Vilevile usitenganishe maelfu kwa mkato: andika 1300, si 1,300.

Sasa mtego mkubwa kuliko yote. Jedwali lisilo na alama yoyote hukokotolewa mistari yote iliyo chini ya mstari mlalo wa kwanza. Ukishaweka `!`, Org inalihesabu kuwa jedwali lenye alama, na tangu hapo fomula za safu zinafanya kazi kwenye mistari yenye `#` au `*` peke yake. Mtu anaongeza majina, anabonyeza C-c C-c (Ctrl na c, mara mbili) juu ya `#+TBLFM`, na safu ya Thamani inabaki tupu bila ujumbe wowote wa kosa. Fomula iko sawa. Kinachokosekana ni alama kwenye mistari ya Tukuyu, Kiwira na Katumba. Kila kituo kipya unachoongeza kipe alama yake. Tofauti ya hizo mbili ni kwamba mstari wa `#` hukokotolewa upya papo hapo ukibonyeza TAB au RET (Enter) ndani yake, wakati wa `*` husubiri uamuru jedwali zima kwa C-u C-c *. Kwa jedwali dogo la mapokezi ya siku, `#` inatosha.

Kuna jambo jingine linalowashangaza hata waliozoea: jina la safu hutumika upande wa kulia wa alama ya sawasawa tu. `$Thamani=$Kilo*$Bei` haikubaliki. Kushoto inabidi uandike namba, `$5=`, au `$>=` kwa safu ya mwisho. Jina linaloruhusiwa kushoto ni la kisanduku kimoja, lile linalotolewa na mstari wa `^` kwa kisanduku kilicho juu yake, au wa `_` kwa kilicho chini yake. Ndiyo sababu `$JumSalio=` inafanya kazi hapo juu. Ni kero, tunakubali, kwa sababu upande huo mmoja unabaki na namba. Ukisahau namba ya safu, C-c } itakuonyesha namba za safu na mistari juu ya jedwali lenyewe; ibonyeze tena ziondoke.

Mstari wa `$` unahifadhi viwango. Ushuru ukibadilika, unagusa `ushuru=0.03` mahali pamoja na fomula zote zinafuata. Kama kiwango kinatumika kwenye majedwali kadhaa ya faili moja, kiandike nje ya jedwali, `#+CONSTANTS: ushuru=0.03`, kisha C-c C-c juu ya mstari huo ili Org iusome upya. Hatua hiyo ya mwisho husahaulika sana.

Mistari ya `!`, `^`, `_` na `$` haitoki unapogeuza faili kuwa PDF au HTML, kwa hiyo wajumbe wa bodi hawataiona. Safu ya alama nayo huondolewa, mradi isiwe na kitu kingine ndani. Neno moja tu likiingia humo, safu nzima inachapwa.

Mwisho, ukigawanya weka mabano. Katika Calc kuzidisha hutangulia kugawanya, hivyo `$Salio/$Kilo*100` inasomwa kama Salio kugawanywa kwa zao la Kilo na 100. Andika `($Salio/$Kilo)*100`.