Pochi, Mwizi na Punje za Maharage: Namna ya Kuchukua Maoni ya Watazamaji wa Tamthilia ya Polisi ya Kirusi Kibandani

Mtu anayetoka kibanda umiza, yaani banda la kuonyeshea video, pale Mwanjelwa jijini Mbeya, ukimwuliza "umeionaje sizoni?", atakujibu "nzuri" huku anapandisha zipu ya jaketi na kuondoka. Jibu hilo halikusaidii kitu. Anayetaka kujua watu wanafikiri nini hasa lazima ajiandae kabla taa hazijazimwa.

Mfano tunaoutumia hapa ni tamthilia moja tu, Mesto vstrechi izmenit nelzya, yaani "mahali pa kukutana hapabadilishwi", iliyoonyeshwa kwenye televisheni ya Kisovieti Novemba 1979. Ina sehemu 5, kila moja zaidi ya saa nzima. Inafaa kuliko sizoni nyingi mpya za polisi kwa sababu kiini chake ni jambo ambalo mtazamaji wa Mbeya au Iringa tayari ana neno lake: kubambikiwa kesi.

Kisa kiko Moscow mwaka 1945, vita vimekwisha juzi tu. Kapteni Gleb Zheglov, aliyeigizwa na Vladimir Vysotsky, anaongoza wapelelezi wanaolisaka genge liitwalo Paka Mweusi. Vladimir Sharapov, kijana aliyetoka mstari wa mbele, anajiunga naye. Ndani ya tramu wanamvizia mwizi wa mifukoni anayeitwa Kirpich, maana yake tofali. Kirpich kaiba kweli, ila pochi kaiachia isikutwe mkononi mwake. Zheglov anaiokota na kuitia mfukoni mwa Kirpich, halafu kituoni anaamuru itolewe mbele ya mashahidi. Sharapov anapojua anakasirika, na Zheglov anamjibu kwamba mwizi anapaswa kukaa jela. Warusi wamebishana juu ya jibu hilo kwa zaidi ya miaka 40. Hapo ndipo pa kusimamisha picha na kuulizia maoni kwa kura.

Anza na majina, maana malalamiko ya "haieleweki" mara nyingi hutoka huko. Mrusi ana jina lake, jina la baba na jina la ukoo, na mtu mmoja huitwa kwa yote kutegemea nani anaongea. Sharapov huyohuyo ni Vladimir Ivanovich kwa anayemheshimu na Volodya kwa rafiki. Mtazamaji anahesabu watu watatu. Waeleze kwamba Ivanovich ni "mtoto wa Ivan". Watu wa Rungwe na Kyela hulishika hili upesi, kwa kuwa Mwa- iliyo mwanzoni mwa majina yao nayo hubeba ukoo. Andika majina kwenye karatasi ya manila kwa maka nene, herufi za urefu wa vidole vitatu, ubandike pembeni ya skrini. Yasizidi 7. Yakizidi hapo watu wanasoma karatasi badala ya kutazama.

Vyeo navyo vinachanganya. Kwetu kapteni na luteni ni watu wa jeshi, polisi wana wakaguzi na warakibu, kwa hiyo kuna atakayedhani anatazama muvi ya vita. Sema mapema kwamba polisi wa Kisovieti waliitwa militsiya na vyeo vyao vilifanana na vya jeshi. Urusi ililirudisha jina la polisi tarehe 1 Machi 2011, ndiyo maana sizoni za karibuni zinasema "politsiya". Dakika mbili zinatosha kwa hili.

Kadi za mgao wa chakula zinahitaji sentensi moja zaidi. Katika Moscow ile, aliyeibiwa kadi kaibiwa mkate wa nyumba nzima. Asiyelijua hilo ataona wizi wa mifukoni ni jambo dogo, na kura yake itaegemea hapo. Wazee waliopanga foleni za sukari na sabuni mwanzoni mwa miaka ya 1980 hawahitaji kuelezwa.

Sasa mtafsiri. Kama sauti inatafsiriwa papo hapo kwa maiki, yeye ndiye anayeweza kuharibu kazi yote bila kukusudia. Pale Zheglov anapoingiza pochi mfukoni, mtafsiri akisema "kambambikia!" keshatoa hukumu, na kibanda kizima kitamfuata. Akisema "kamkomesha!" katoa hukumu ya upande wa pili. Aseme kilichoonekana tu: "kamtia pochi mfukoni." Jibu la Zheglov litafsiriwe wazi, "mwizi anapaswa kukaa jela," bila kunogeshwa kwa "mwizi dawa yake jela" wala methali yoyote. Mtafsiri mzuri wa muvi za mapigano amezoea kuchekesha na kushangilia, na watu humpendea hilo. Mwombe kwa heshima ajizuie kwenye tukio hili na lile la mwisho. Aitazame sehemu nzima siku moja kabla, aandike saa na dakika ya kila mahali pa kusimamisha. Kuitafuta kwa rimoti watu wakiwa wamekaa kunamaliza hamu yao.

Kuhusu kura. Usiulize kwa kunyoosha mikono. Akiwepo mwenyekiti wa mtaa, fundi anayeheshimika au askari aliyevua sare, mikono itafuata wa kwake. Tumia punje: kila mtu apewe moja mlangoni, mahindi kwa walio chini ya miaka 35, maharage kwa waliozidi. Usimwulize mtu mzima umri wake, mpe tu kwa kumkadiria na umwachie abadilishe akitaka. Weka makopo mawili ya maziwa ya unga nyuma ya kanga iliyotundikwa kama pazia, moja limebandikwa "alifanya sawa", jingine "hakufanya sawa". Ndani ya kila kopo weka kitambaa kilichokunjwa. Bila kitambaa, punje ikigonga bati waliokaa karibu wanajua imeingia upande gani, na wa tano kwenye foleni anaanza kupiga kura kwa masikio.

Swali liwe moja, lisomwe vilevile kila mara: "Zheglov alifanya sawa kumtia Kirpich pochi mfukoni?" Usiongeze "wakati Kirpich kaiba kweli", wala "ingawa ni polisi". Kila nyongeza inavuta.

Rudia swali hilohilo usiku wa mwisho. Katikati ya sehemu hizi watazamaji watakuwa wamemwona daktari Gruzdev, aliyekamatwa kwa mauaji ambayo hakuyafanya, na Zheglov asiyetaka kumwomba radhi. Mwishoni watamwona Levchenko, mtu wa genge aliyepigana vita pamoja na Sharapov na kumwokoa, akikimbia kwenye theluji, na Zheglov akimpiga risasi huku Sharapov akipiga kelele asifyatue. Tofauti kati ya kura ya kwanza na ya pili ina uzito kuliko kura yoyote peke yake. Kwa hiyo usihesabu aliyekuja usiku mmoja pamoja na aliyekuja zote: mpe wa usiku mmoja punje ya karanga.

Hesabu watu mlangoni kabla ya kuanza. Punje zikizidi watu, watoto wamechezea mfuko. Zikipungua, kuna walioondoka nazo mfukoni, nao waandikwe "hawakujibu", wasigawanywe pande mbili.

Baada ya kura ndipo mazungumzo, dakika 20, si kabla. Waanze wanaokaa nyuma na akina mama, kwa sababu wa mbele wataongea tu hata usipowaita. Swali zuri ni la kumweka mtu kwenye kiatu cha Sharapov: "Huyo ni mkubwa wako wa kazi, na uko siku zako za kwanza. Ungemwambiaje?" Hapo hata aliyemuunga mkono Zheglov huanza kufikiri, na utasikia heshima kwa mkubwa ikigongana na haki.

Andika maneno ya mtu kama alivyoyasema. "Haieleweki" iandikwe kwa kuuliza mara moja zaidi: sauti, majina au kisa? Matatizo hayo matatu yana dawa tatu tofauti, na la sauti si maoni juu ya tamthilia kabisa. Mtu akianza kueleza kesi aliyobambikiwa yeye au ndugu yake, msikilize hadi amalize, lakini jina, kituo na mwaka visiingie daftarini.

Ratiba ipangwe kwa kalenda ya mechi. Simba au Yanga ikicheza, ahirisha. Kuanzia Novemba hadi Aprili mvua kwenye bati inameza sauti yote, na Tukuyu hali ni mbaya zaidi; funga dari ya maturubai au onyesha mchana wa Jumapili baada ya ibada. Juni na Julai baridi ya Uyole na Njombe huwafanya watu waondoke kabla ya mazungumzo, hivyo chai ya tangawizi itolewe kura ikishapigwa, si mwanzoni. Umeme ukikatika kabla ya tukio la tramu, anza tena nyuma dakika 5. Ukikatika baada yake, piga kura kwa tochi za simu kabla ya kuwasha jenereta, watu wasije wakaelewana gizani.

Maonyesho ya hadhara yana taratibu za Bodi ya Filamu. Wa kuanza naye ni ofisa utamaduni wa halmashauri yako. Nakala nayo iwe halali.

Hesabu ya punje ibandikwe ukutani kesho yake, mahindi na maharage kando kando, chini ya karatasi ya majina. Watakaobishana mbele yake wakisubiri mlango ufunguliwe, chukua daftari ukasimame karibu.