Somo: Kuweka na kutoa dawa za dharura katika shule ya kibinafsi

Kila muhula unapofunguliwa, walimu na mametroni wa shule za kibinafsi hapa Kisumu hunipigia simu kuuliza jambo lile lile: mtoto ameletwa na mfuko wa dawa za pumu au kifafa, tufanyeje? Mimi ni muuguzi wa shule ya bweni, na nimeamua kuliandika mara moja ili atakayeuliza tena nimwelekeze hapa.

Hatua ya 1. Usipokee dawa bila karatasi iliyosainiwa na mzazi na daktari, inayotaja mtoto, ugonjwa, dalili, kipimo na nambari mbili za simu.

Hatua ya 2. Dawa ikae katika kasha lake lenye lebo; iliyofungwa kwenye kikaratasi irudi nyumbani siku hiyo hiyo.

Hatua ya 3. Inhela (kile kikopo cha kupulizia dawa ya pumu) na sindano ya adrenalini ya mzio mkali zisifungiwe kabatini kwa ufunguo unaotembea na mtu mmoja. Ziwekwe mahali ambapo walimu wote wanapajua na watoto wadogo hawapafikii. Adrenalini haitaki jua la dirishani wala friji. Insulini ambayo haijafunguliwa ndiyo hukaa kwenye friji, nyuzi 2 hadi 8, mbali na barafu, kwa maana ikiganda imeharibika hata ikiyeyuka.

Hatua ya 4. Hesabu mipulizo. Hapa ndipo nilipokosea, na aliyeumia ni mtoto. Jioni moja wakati wa masomo ya usiku, mvulana wa gredi ya 6 aliletwa kwangu akiwa ameinama, mabega yakipanda na kushuka, hawezi kumaliza sentensi. Nilimpa inhela yake. Ilitoa sauti yake ya kawaida, nikaona na ukungu, nikatulia. Kufikia mpulizo wa sita ngozi kati ya mbavu zake ilikuwa bado inabonyea kila anapovuta hewa, ndipo nikatambua kwamba dawa ilikuwa imekwisha zamani na kilichokuwa kikitoka ni gesi ya kuisukuma tu. Tulimkimbiza hospitalini kwa gari la shule, akapona, lakini dakika zile alizipoteza kwa sababu yangu. Inhela nyingi za salbutamoli, dawa ya kufungua njia za hewa, zina mipulizo 200, na baada ya hapo kopo huendelea kufoka kana kwamba lina dawa. Usiamini sauti, usiamini uzito mkononi, wala usilitie majini kuona kama linaelea. Bandika kadi, andika tarehe ya kufunguliwa, piga mstari kwa kila mpulizo, na ukifika 170 mwambie mzazi alete nyingine. Yenye kihesabu ni bora zaidi.

Hatua ya 5. Mwenye pumu aketi wima. Tikisa inhela, toa mpulizo mmoja, avute pumzi mara tano kupitia spesa, ile chupa ya plastiki inayounganishwa na inhela, kisha rudia kila baada ya sekunde 30 hadi 60, mpaka mipulizo 10. Asipopata nafuu, au midomo ikibadilika rangi, au akishindwa kusema, aende hospitalini mara moja, huku mkiendelea kumpa njiani. Mwenye kifafa mlaze ubavu na utazame saa. Dawa aliyoagiziwa hutolewa degedege likifika dakika 5, isipokuwa daktari wake ameandika vingine.

Hatua ya 6. Andika saa, kipimo na jina lako, kisha mpigie mzazi.

MASWALI

Sista, kwa kifupi, tununue dawa gani tuweke ofisini?
Sikuandika orodha ya manunuzi. Dawa hizi huagizwa na daktari kwa kila mtoto. Soma hatua ya 1.

Mwalimu wetu wa zamu humtia mtoto kijiko mdomoni asijiume ulimi. Kuna ubaya?
Upo. Kijiko huvunja meno na kinaweza kuziba njia ya hewa. Ulimi ulioumwa hupona. Usitie chochote.

Sista, niko Kakamega na hatuna spesa. Nimesikia chupa ya soda inafaa. Ni kweli, na kwa nini?
Ni kweli, na asante kwa kuuliza sababu. Dawa hutoka kwa kasi na sehemu kubwa hugonga koo. Ikitua kwanza ndani ya chupa, mtoto huivuta polepole mpaka mapafuni. Chukua chupa ya plastiki ya mililita 500, toboa kitakoni tundu linalobana mdomo wa inhela, ziba pembeni kwa tepu, naye avute kupitia shingo ya chupa. Ioshe kwanza kwa maji ya sabuni na uiache ikauke bila kuifuta, kwa sababu plastiki iliyosuguliwa hunasa dawa ukutani. Mtoto mdogo sana huhitaji spesa yenye barakoa ya kufunika pua na mdomo.

Huku Siaya tuna watoto wengi wenye selimundu (sickle cell). Wao je?
Wape maji mengi, sweta jioni, na dawa ya maumivu waliyoagiziwa. Lakini homa ya nyuzi 38 na zaidi ni dharura: usimpe parasetamoli ukamlaza bwenini, mpeleke hospitalini usiku huo huo.

Na tukiwa na safari ya kwenda Ziwa Nakuru?
Mfuko wa dawa upakatwe na mwalimu aliyefundishwa, ndani ya basi alimo mtoto mwenyewe. Usiwekwe kwenye buti, wala usiachwe ndani ya basi lililoegeshwa juani.