Ukihamia jiji ghali, linganisha kinachobaki mfukoni

Nimeligundua hili nikipiga hesabu za kuhama: usichukue ile asilimia ya "jiji hili ni ghali kwa 40%" ukaizidisha na mshahara wako. Asilimia hiyo ni wastani wa kaya nyingi, na matumizi yako hayafanani nao. Andika matumizi yako halisi ya miezi 3, kisha weka bei ya jiji jipya kwenye kila kipengele, ukianza na kodi ya nyumba, kwa sababu hapo ndipo tofauti kubwa hukaa. Marejesho ya mkopo na akiba kwa kawaida hayabadiliki kwa kuhama, kwa hiyo yaache yalivyo. Kama kodi inakula 30 katika kila 100 unayotumia, nayo ikawa maradufu huku mengine yakibaki palepale, matumizi yako yamefika 130. Hayajafika 200. Sasa toa jumla ya matumizi ya jiji jipya kwenye mshahara mpya unaofika mkononi baada ya makato, ulinganishe baki hiyo na baki unayoipata sasa.

Kodi itafute kwenye matangazo ya nyumba zilizo wazi sasa. Rafiki anayekaa pale miaka mingi huenda analipa kidogo kuliko utakavyotozwa wewe.

Hesabu hii hukwama pale maisha yenyewe yanapobadilika: unaacha gari, mwenzi wako anapoteza kazi, au bibi aliyekulelea watoto bure anabaki nyuma. Malezi ya kulipia yanaweza kumeza nyongeza yote ya mshahara, kwa hiyo ulizia bei yake kabla hujasaini mkataba.